Mji wa Kale wa Lamu: Pata Kibali Kabla ya Kugusa Ukuta

Binti ameposwa na nyumba haina chumba cha kutosha. Kwa familia nyingi za Mkomani na Langoni, jawabu la tangu zamani ni kupandisha orofa. Baadhi humwita fundi kwanza, kisha huuliza habari za kibali ukuta ukiwa umeshasimama. Katika Mji wa Kale wa Lamu, kufanya hivyo kunaweza kumgharimu mwenye nyumba fedha zake, na hata nyumba yenyewe.

Mji huu ulitangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali mwaka 1986 kuwa eneo la kuhifadhiwa. Mwaka 2001, UNESCO iliuingiza katika orodha ya Turathi za Dunia, kwa kuwa watu wameishi humo bila kukatika kwa zaidi ya miaka 700.

Kwa nini ofisi mbili?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la mipango ya ujenzi na udhibiti wa matangazo ya nje. Majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yamebaki mikononi mwa serikali ya kitaifa, kupitia Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Ndiyo sababu ombi la kujenga Mji wa Kale huangaliwa na pande zote mbili: kaunti hutoa kibali cha ujenzi, nayo Makavazi hutazama uhifadhi.

Kinachoangaliwa

Jambo la kwanza ni vifaa. Kuta za kale ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Chokaa hupumua: unyevu unaoingia ukutani hupata njia ya kutoka. Saruji huufungia ndani. Chumvi hula mawe, plasta hubambuka, na ncha za boriti zilizozama ukutani huoza bila mtu kuona. Nyumba iliyopakwa saruji ili iwe imara huweza kudhoofika kuliko ilivyokuwa.

Jambo la pili ni uzito na urefu. Orofa ya matofali ya saruji juu ya kuta za zamani huongeza mzigo ambao msingi haukukusudiwa kuubeba. Nyumba nyingi zimekaribiana sana, hivyo ufa wa jirani mmoja huwa hatari kwa wawili.

Jambo la tatu ni sura ya mtaa: daka, baraza, milango ya nakshi na wikio zinazounganisha nyumba juu ya njia. Kubomoa baraza ili kupanua duka hupunguza pia mahali pa majirani kukaa.

Mabango ya biashara

Mwenye duka katika Usita wa Mui ana haki ya kujulikana. Hata hivyo, bango huangaliwa ukubwa wake, linavyofungwa ukutani, na iwapo linafunika nakshi au kuziba njia ambayo watu na punda hupitia. Kupaka ukuta mzima rangi za kampuni ni tangazo pia, hata kama rangi imetolewa bure.

Utaratibu

Ombi huwasilishwa kwa idara ya mipango ya kaunti pamoja na michoro na hati za umiliki. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, mwombaji anapaswa kujibiwa ndani ya siku 60. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 kukata rufaa kwa Kamati ya Uhusiano ya Mipango ya Kaunti, nayo kamati ina siku 14 kuisikiliza na kuiamua. Akishindwa hapo, anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Anayejenga bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili. Anaweza pia kuamriwa kurudisha jengo lilivyokuwa, kwa gharama yake.

Mkazi asiye na hakika iwapo kazi yake ni ukarabati mdogo au ni mabadiliko anashauriwa kuuliza kabla ya kununua vifaa. Anayeona ufa unaopanuka au boriti inayolegea atoe taarifa mapema, iwe nyumba ni yake au ya jirani.