Tairi la Trela Lina Maandishi, Tuyasome

Zipo bidhaa ambazo mnunuzi huzichagua kwa kuzitazama, na zipo ambazo hapana budi azisome. Kanga huchaguliwa kwa njia zote mbili, maana uzuri wa nakshi zake haukamiliki bila jina lililoandikwa juu yake. Tairi ni ndugu wa kanga katika jambo hili. Ubavuni limezungukwa na maandishi yanayotaja ukubwa wake, uzito linaouweza, kasi linayoistahimili na wakati lilipozaliwa. Hata hivyo, katika masoko yetu ya Masinga, tangu Ekalakala hadi Kithyoko, tairi la trela aghalabu huchaguliwa kwa kutazamwa tu. Mnunuzi hupitisha kidole kwenye meno yake, huligonga kwa kisigino cha kiatu, huuliza bei, kisha hulipa.

Nazungumzia trela kwa sababu Masinga ni nchi ya kukokota. Bwawa letu lilikamilishwa mwaka 1981, nalo ndilo kubwa kuliko yote yaliyopangika kwenye Mto Tana kwa ajili ya umeme. Lakini maji kuonekana kwa macho si maji kufika mtungini. Ardhi yetu ni kame, mvua ni za kubahatisha, na wengi huletewa maji kwa mikokoteni ya punda au kwa trela zinazofungwa nyuma ya pikapu. Trela hizo hizo hubeba mchanga, mahindi na maembe. Mara mojamoja hupita mtalii na nyumba yake ya kukokotwa, akienda kupiga kambi kando ya bwawa. Trela ya maji na nyumba ya mtalii hazilingani kwa hadhi, lakini sheria za matairi yake ni zilezile.

Mpwa wangu ana trela ya aina hiyo, yenye ekseli moja na magurudumu mawili, na kazi yake ni kuuza maji. Matairi yalipomchakaa aliniomba niandamane naye kutafuta mengine. Muuzaji alitutolea mawili yaliyong'arishwa kwa dawa nyeusi hata yakameremeta, akasema, "Mwalimu, haya ni ya kazi, meno yote yapo." Nikainama kusoma ubavu. Mpwa wangu akacheka, akaniuliza, "Mjomba, kwani tairi nalo lina sarufi?" Nikamjibu, "Lina sarufi, mpwa wangu, na kosa lake halisahihishwi kwa wino mwekundu."

Ubavuni mwa tairi lile paliandikwa 185/70R14 88T. Tarakimu 185 ni upana wa tairi kwa milimita. Sabini ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 70 ya upana huo. Herufi R huonyesha kwamba nyuzi zilizomo ndani zimelazwa moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, wala si kwa mshazari kama katika matairi ya kale. Matairi ya aina hizi mbili hayafai kuchanganywa kwenye ekseli moja. Kumi na nne ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na T ni kasi isiyozidi kilomita 190 kwa saa. Lakini kiini cha sentensi nzima ni 88, nayo ndiyo ambayo wengi huiruka. Hizo si kilo 88. Ni namba ya fahirisi, na katika jedwali linalotumika duniani kote 88 humaanisha kwamba tairi moja hubeba kilo 560, wala si zaidi.

Sasa na tupige hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa darasa la sita anaiweza. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la mpwa wangu ni la lita 1,000, kwa hiyo maji pekee ni kilo 1,000. Tuseme trela na tangi tupu ni kilo 350, jumla iwe 1,350. Tuondoe sehemu ya kumi inayobebwa na ndoano ya pikapu, zibaki kilo 1,215. Tugawe kwa magurudumu mawili: kila tairi linatwikwa zaidi ya kilo 607. Tairi la 560 limekwisha kushindwa kabla safari haijaanza, na hapo hatujataja mashimo, matuta wala jua la saa saba.

Pembeni palikuwa na matairi mengine ya rimu ya inchi 14, yaliyojaa vumbi na yasiyopendeza hata kidogo. Hayo yaliandikwa 195R14C 8PR 106/104. Namba 106 ni kilo 950 kwa tairi linalokaa peke yake upande mmoja wa ekseli. 104 ni kilo 900 kwa kila tairi yanapofungwa mawili pamoja. Kwa macho, matairi ya kwanza yalikuwa maarusi. Kwa maandishi, haya ya vumbi ndiyo yaliyoiweza kazi, almuradi rimu nazo ziwe zimeundwa kwa uzito huo. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa mtu wa isimu, ubavu wa tairi ni darasa la semantiki. Chukua herufi C. Katika tairi hili la pikapu, C ni alama ya gari la biashara. Huko Marekani trela nyingi huvalishwa matairi yake mahususi, yaliyoandikwa ST mwanzoni, yenye mbavu ngumu zisizoyumba upesi. Huko pia utaikuta C, lakini hiyo hutaja daraja la uzito: C hulingana na 6PR, D na 8PR, E na 10PR. Herufi ni moja, maana ni mbili, na anayeazima ushauri wa ng'ambo bila kuzingatia muktadha hupotea.

Au tazama hiyo 8PR. Zamani, nyuzi za matairi zilipokuwa za pamba, nane ilimaanisha tabaka nane kwelikweli. Siku hizi nyuzi zina nguvu zaidi, na tairi la 8PR huenda likawa na tabaka chache mno. Alama imebaki ilhali kitu kilichotajwa kimebadilika. Kilichosalia ni ahadi ya nguvu inayolingana na zile tabaka nane za zamani. Wanafunzi wanaoona ugumu kuelewa jinsi maana ya neno inavyohama wakapekue tairi.

Yapo maandishi mengine ambayo muuzaji hayataji asipoulizwa. Ni tarakimu nne zilizofungiwa katika duara refu kidogo, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Liachie watoto wafanyie bembea. Kwa trela tarehe hii ina uzito kuliko kwa gari. Gari la kila siku humaliza meno ya tairi kabla mpira haujazeeka. Trela hushinda imesimama juani wiki nzima, na mpira huzeeka kwa joto, mwanga na hewa hata ukikaa kitako. Ndiyo maana tairi la trela huweza kuwa na meno yote ya ujana na mifupa ya uzeeni. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano, na lisitumike kupita miaka kumi hata likionekana zima. Dalili ya kuangalia ni nyufa nyembamba ubavuni, zile ambazo dawa ya kung'arisha huzificha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa tairi hauzibiki.

Tukija kwenye upepo, lugha yetu yenyewe hutuponza. Twasema "tia upepo" na fundi hutia, wala hatusemi kiasi gani. Tairi halibebi mzigo kwa mpira wake. Hubeba kwa hewa iliyobanwa ndani yake. Zile kilo 950 ni za tairi lililojazwa kiasi kilichoandikwa ubavuni, ambacho kwa tairi la namna ile ni kama pauni 65 kwa inchi ya mraba. Ukilitia 30, kama la gari dogo, mbavu zitajikunja na kujikunjua kila linapozunguka, zitachemka, na tairi litapasuka mbali na fundi. Upepo hupimwa asubuhi, kabla ya safari, tairi likiwa baridi.

Najua nitaambiwa kwamba punda hukokota mikokoteni yenye matairi yaliyokwisha kipara, nayo haipasuki. Ni kweli, na siwakejeli wenye mikokoteni. Punda hutembea kwa mwendo wa mtu, na katika mwendo huo tairi halipati moto. Likipasuka, mzigo huegemea upande na safari husimama. Hatari huanza pale mazoea ya mkokoteni yanapohamishiwa kwenye trela inayokwenda kilomita 80 kwa saa katika barabara ya Thika hadi Garissa. Hapo tairi likipasuka, trela huyumba na kuiburura pikapu nayo. Anayekuja upande wa pili, pengine na watoto wa shule kwenye bodaboda, hajui lolote kuhusu bei nafuu uliyoipata.

Nitaambiwa pia kwamba masikini hachagui. Mpwa wangu aliyachukua yale ya vumbi, ambayo bei yake ilizidi, na ilimlazimu kuahirisha mahitaji mengine ya nyumbani. Silifanyi hilo dogo. Lakini asiyemudu tairi la kilo 950 bado ana njia: apunguze maji. Akijaza lita 700 badala ya 1,000, kila tairi litabeba kilo 472 hivi, na lile la 560, likiwa si zee, litatosha. Kusoma humpa masikini uwezo wa kujua mpaka wa mali aliyo nayo.

Zamani tuliweza kuliamini jina. Wazee wetu waliyajua matairi ya Yana, yaliyotengenezwa Nairobi katika kiwanda kilichoanza kama Firestone East Africa na baadaye kikawa Sameer Africa. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2016, na sasa soko limejaa majina ya ng'ambo tusiyoyajua asili yake. Jina lisipotosha kuaminiwa, kinachobaki ni kusoma.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, pamoja na Kiingereza. Lakini mchuuzi wa maji hawezi kupata dukani hata kijikaratasi cha Kiswahili kinachomfafanulia tairi analolinunua. Waagizaji wa matairi washurutishwe kukichapisha. Si gharama itakayowafilisi. Nasi tusingoje. Mwalimu wa hesabu na awatoe wanafunzi hadi kwenye trela iliyo karibu, wasome fahirisi na kukokotoa uzito. Mwalimu wa sayansi awaeleze kwa nini hewa iliyobanwa hubeba. Mwalimu wa Kiswahili awaulize wangeziitaje PR na DOT kwa lugha yao. Mtoto akirudi nyumbani jioni, aitazame trela ya babake na kusema, "Baba, tairi hili lina miaka kumi na mmoja," elimu itakuwa imefanya kazi yake.