Kopo Moja la Samaki Latosha Nyumba Nzima

Siku nyingine nyumbani hakuna nyama wala samaki wabichi. Usikate tamaa. Kopo moja dogo la samaki linaweza kuwa mboga ya watu watano, ukiliongezea vitu vya shambani.

Tafuta vitu hivi: kopo 1 la samaki la gramu 155, kitunguu 1, nyanya 2, fungu 1 la mchicha, kikombe 1 cha karanga zilizotwangwa, mafuta kidogo na chumvi.

Kwanza litazame kopo. Kama limevimba au linavuja, usile samaki wake. Lifukie mbali. Chakula kilichoharibika ndani ya kopo kinaweza kuua, hata kama hakinuki.

Kaanga kitunguu, kisha tia nyanya. Koroga karanga katika vikombe 2 vya maji, uzitie chunguni. Chemsha kwa moto mdogo kwa dakika 15, huku ukikoroga. Tia mchicha na chumvi. Mwisho tia samaki na mchuzi wao. Samaki hao wamekwisha kupikwa, kwa hiyo dakika 5 zinatosha. Kuni hazipotei bure.

Miiba yao ni laini. Usiitupe. Iponde, kwa sababu inajenga mifupa na meno.

Kuleni kwa ugali au wali. Mtoto mdogo mpakulie katika sahani yake. Katika sinia moja na wakubwa hawezi kushindana nao. Samaki na karanga hujenga mwili, na mtoto ndiye anayekua.