Kupachika mfumo wa mafaili wa kigeni

Kupachika mfumo wa mafaili wa kigeni ni kitendo cha kuiunganisha diski, flashi au kadi ya kumbukumbu iliyoandaliwa kwa ajili ya mfumo mwingine wa uendeshaji na mti wa folda wa kompyuta ya jamii ya Unix, kwa mfano Linux, ili mafaili yaliyomo yasomeke na, pale inapowezekana, yaandikwe. Mafundi wengi husema tu "kumaunti", kutokana na amri ya mount inayofanya kazi hiyo.

Mfumo wa mafaili ni utaratibu wa kupanga data kwenye diski: faili linaanzia wapi, linaishia wapi, linaitwaje, ni la nani. Linux ina mifumo yake yenyewe, hasa ext4. FAT32, exFAT na NTFS, ambayo chimbuko lake ni Microsoft, pamoja na HFS+ na APFS ya Apple, ni migeni kwake.

Katika shule, ofisi na steshenari za Shinyanga, Kahama na Geita kompyuta nyingi hutumia Windows, na kazi husafirishwa kwa flashi. Mwalimu wa taaluma hubeba alama za wanafunzi, mchimbaji mdogo hubeba picha za leseni yake na vipimo vya mipaka ya eneo lake, mpiga picha hubeba harusi nzima kwenye "memori" moja. Kompyuta ya Linux inapoingia katika mazingira hayo, karibu kila kitu kitakachochomekwa kitakuwa cha kigeni.

Mti mmoja

Katika Windows kila diski hupewa herufi yake: C, D, E na kuendelea. Unix, iliyoanza kutengenezwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969, haina herufi hizo. Folda zote ziko kwenye mti mmoja unaoanzia kwenye mzizi, ambao huandikwa kwa mkwaju mmoja tu: /. Diski mpya haiwi mti wa pili bali tawi linalopandikizwa kwenye mti uliopo. Folda moja, kwa mfano /mnt/flashi, huchaguliwa kuwa mahali pa kupachikia, na tangu hapo anayeifungua folda hiyo huona yaliyomo kwenye flashi.

Kama folda hiyo ilikuwa na mafaili yake, hayataonekana mpaka flashi iondolewe. Hayajafutwa, yamefunikwa tu. Wanafunzi wengi hushtuka hapa bila sababu.

Kazi ya kutafsiri hufanywa na kiini cha mfumo wa uendeshaji. Programu ya kuandikia barua haijui NTFS ni nini; husema tu "fungua faili hili, nisomee". Ombi hilo hupita kwenye tabaka la pamoja ndani ya kiini, kisha hukabidhiwa kiendeshi kinachoifahamu diski husika. Ni kama Msukuma asiyejua Kiingereza na mgeni asiyejua Kisukuma wanaouziana mali kupitia mkalimani: mkalimani akiwa mzuri, kila mmoja hudhani mwenzake anazungumza lugha yake. Linux yenyewe, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, mwanzoni ilitumia mfumo wa mafaili wa kuazima kutoka Minix. Wake wa kwanza, ext, ulikuja mwaka 1992.

Mifumo inayokutwa mara nyingi

FAT ilianza mwaka 1977, na toleo la FAT32 lilitoka mwaka 1996. Husomwa na karibu kila kifaa, kuanzia redio za magari hadi vifaa vingi vya GPS vya mkononi. Ina mapungufu mawili makubwa. Faili moja haliwezi kufika gigabaiti 4, hivyo video ya harusi yenye gigabaiti 6 haitaingia hata kama flashi ina nafasi ya gigabaiti 30. Pia haihifadhi jina la mwenye faili wala ruhusa zake kwa namna ya Unix.

Tofauti hizo wakati mwingine zina manufaa. Kuna virusi vya Windows ambavyo huyawekea mafaili ya flashi alama ya kufichwa, kisha huweka vijia vya mkato vyenye majina yaleyale. Mwenye flashi huona vijia visivyofunguka, hudhani kazi yake imepotea, na wapo wanaoifuta flashi nzima kwa kukata tamaa. Kwa kawaida Linux haiijali alama hiyo ya FAT ya kufichwa. Flashi ileile ikipachikwa huko, mafaili yote huonekana na yanaweza kunakiliwa mahali salama.

exFAT ilitolewa na Microsoft mwaka 2006 na iliondoa kikomo cha gigabaiti 4. Ndiyo inayokuja kwenye kadi za kumbukumbu zinazozidi gigabaiti 32. Kwa miaka mingi Linux haikuwa nayo ndani ya kiini. Baada ya Microsoft kuchapisha maelezo yake mwaka 2019, iliingizwa katika Linux 5.4 mwaka huohuo. Kompyuta ya zamani ikikataa memori mpya, hapa ndipo pa kutazama kwanza.

NTFS, ya mwaka 1993, ndiyo inayotumika kwenye diski za ndani za kompyuta za Windows. Linux iliweza kuisoma muda mrefu kabla ya kuweza kuiandika kwa usalama. Programu ya ntfs-3g, iliyofikia toleo imara mwaka 2007, ndiyo iliyobadilisha hali hiyo, na mwaka 2021 kiendeshi kingine, ntfs3, kiliingizwa kwenye kiini katika Linux 5.15.

Namna ya kupachika

Kompyuta nyingi za Linux za mezani hupachika flashi zenyewe mara inapochomekwa au ikoni yake inapobofywa. Pale isipotokea hivyo, au pale data ni ya thamani, hufanywa kwa mkono. Kwanza hutafutwa jina la diski na aina ya mfumo wake:

lsblk -f

Tuseme jibu limeonyesha /dev/sdb1 yenye vfat, jina ambalo Linux huipa familia ya FAT. Hutengenezwa folda, kisha hupachikwa:

sudo mkdir /mnt/flashi
sudo mount -t vfat -o ro /dev/sdb1 /mnt/flashi

Herufi ro zina maana ya kusoma tu: hakuna kitakachoandikwa. Inashauriwa kuanza hivyo kila mara kwa diski ya mtu mwingine au diski inayoshukiwa kuwa mbovu. Ikihitajika kuandika, huondolewa na kupachikwa upya kwa -o uid=1000. Namba hiyo humtaja mtumiaji atakayehesabiwa kuwa mwenye mafaili, na mara nyingi 1000 ndiye mtumiaji wa kwanza aliyesajiliwa kwenye kompyuta. Bila hivyo mafaili yote huhesabiwa kuwa ya mtumiaji mkuu, na mwingine hawezi kuhifadhi kitu.

Mwisho huondolewa kwa amri ambayo haina herufi n baada ya u:

sudo umount /mnt/flashi

Kompyuta ikijibu kwamba mahali hapo panatumika, kuna faili bado limefunguliwa, au mtumiaji mwenyewe "amesimama" ndani ya folda hiyo kwenye dirisha la amri. Amri ya fuser -vm /mnt/flashi huonyesha ni programu ipi.

Mahali data inapopotea

Hasara nyingi hutokea wakati wa kuondoa. Linux haiandiki mara moja kwenye flashi. Hukusanya data kwenye kumbukumbu ya muda na kuiandika baadaye kidogo, ili kazi iende haraka. Kwa hiyo dirisha la kunakili linaweza kufungwa, likionyesha kwamba kazi imekwisha, huku sehemu ya mafaili haijafika bado. Flashi ikichomolewa wakati huo, au umeme ukikatika, faili hubaki nusu. FAT haina kumbukumbu ya mabadiliko ya kuisaidia kujirekebisha, hivyo jedwali lake linaweza kuharibika na kugusa hata mafaili ambayo hayakuwa yakinakiliwa. Amri ya umount hailipi jibu mpaka kila kitu kimeandikwa. Kama inachelewa, inafanya kazi, isikatizwe.

Majina ya mafaili ni mtego mwingine. Linux inakubali jina kama "Matokeo: Kidato cha Nne?", lakini Windows hairuhusu nukta pacha wala alama ya kuuliza. Kwenye FAT Linux itakataa kulihifadhi. Kwenye NTFS, ntfs-3g kwa kawaida hulikubali, na tatizo huonekana baadaye faili linaposhindwa kufunguka kwenye Windows. Kuongeza windows_names wakati wa kupachika huzuia hilo.

Kisha kuna kompyuta ya Windows iliyogoma kuwaka. Fundi huiwasha kwa Linux iliyo kwenye flashi, hupachika diski ya ndani, na hukuta inasomeka tu, haiandikiki. Ikiwa kiendeshi ni kipya huenda ikakataa kabisa. Mara nyingi si ubovu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kwa kawaida mara nyingi ni kulala nusu: hali ya kiini huhifadhiwa kwenye diski ili kuwasha kesho kuwe kwa haraka, na kuibadilisha diski kwa wakati huo ni hatari. ntfs-3g ina chaguo la remove_hiberfile linalofuta hali hiyo. Ni dawa kali, kwa sababu kama mwenye kompyuta aliilaza huku ana kazi ambayo hajaihifadhi, kazi hiyo hupotea moja kwa moja. Kwa mtu anayetaka mafaili yake tu, kupachika kwa ro na kunakili kwenye diski nyingine kunatosha. Kama Windows bado inawaka, kuichagulia kuwasha upya badala ya kuzima huiachia diski vizuri.

Diski iliyofungwa kwa BitLocker ni suala tofauti. Hapo lsblk -f haitaonyesha NTFS bali BitLocker, na hakuna kiendeshi kitakachoifungua bila nywila au ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, au kwa idara ya teknolojia ya mwajiri wake ikiwa kompyuta ni ya kazini. Fundi anayeombwa kuifuta diski kwa sababu "haisomeki" hana budi kwanza kuuliza kama ufunguo huo umetafutwa.