Mbung'o Huzaa Buu Mmoja kwa Mara
Nzi wa nyumbani hutaga mayai kwa mamia. Mbung'o, anayeambukiza ng'ombe nagana na binadamu malale, hatagi. Yai lake huanguliwa tumboni, na buu mmoja hulishwa humo maziwa ya mama kwa siku 9 hivi. Kisha humzaa kwenye udongo laini wenye kivuli, kama ule wa vichakani kando ya Mto Sio na Mto Malaba. Buu hujichimbia, hugeuka pupa, na baada ya mwezi hivi hutoka mbung'o kamili.

Jike huzaa mara chache maishani, pengine 10. Ukiuona mtego wa kitambaa cha buluu mtoni, usiuondoe, hata kitambaa kikikuvutia. Jike akinaswa, uzao wake uliobaki hupotea naye.