Kwa nini malori hushindwa kusimama kwenye mteremko wa Salgaa

Kipande cha barabara kati ya Sachangwan na Salgaa, karibu na mji wa Nakuru nchini Kenya, kimegharimu maisha ya watu wengi. Hupitiwa na malori yanayosafiri kati ya bandari ya Mombasa na nchi za Uganda, Rwanda na Burundi. Chanzo kimoja cha ajali hizo kinaelezwa na kanuni za fizikia zinazofundishwa shuleni.

Lori lililo juu ya mlima lina nishati inayotokana na kimo chake. Linaposhuka, nishati hiyo hugeuka kuwa nishati ya mwendo. Pasipo kitu cha kulizuia, lori linaloshuka kimo cha mita 100 lingefika chini kwa kasi ya takriban kilomita 160 kwa saa, liwe tupu au limesheheni.

Nishati haipotei, bali hubadilika umbo. Breki huigeuza kuwa joto kwa msuguano. Zikikanyagwa mfululizo hupata joto kupita kiasi, msuguano hupungua, nazo hushindwa kushika. Mzigo ukiwa mzito, joto huwa kubwa zaidi.

Baadhi ya madereva huondoa gia ili kuokoa mafuta. Kwa kufanya hivyo, injini haisaidii tena kupunguza mwendo, na kazi yote huachiwa breki. Kasi ikiongezeka mara mbili, nishati ya mwendo huongezeka mara nne.

Ndiyo maana dereva hutakiwa kuingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza. Breki zikishachemka, huwa amechelewa.