MGENI ANAYERUDI NA MFANYAKAZI ANAYERUDI

Ndugu wafanyakazi, hivi karibuni tulikuwa katika mkutano wa wakata miwa karibu na Jinja. Mzee mmoja alisimama akatuuliza: "Nyinyi watu wa chama, mnatuletea habari za hoteli za matajiri huko visiwani. Sisi wenye panga zinatuhusu nini?" Swali lilikuwa zuri, lakini siku ile tulilijibu haraka haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Leo tunataka kulijibu vizuri.

Kwanza, habari za hoteli ni zetu. Chuo cha serikali cha kufundisha kazi za hoteli na utalii kipo hapa hapa Jinja. Viwanda vya nguo vilipolegea, watoto wengi wa watu wa viwanda walikwenda kujifunza kutandika vitanda na kuoka mikate ya wageni. Maporomoko ya Bujagali yaliyokuwa yakiwaleta watalii yalizama mwaka 2011 kwa ajili ya bwawa la umeme. Lakini mbele kidogo, penye maporomoko ya Kalagala, ipo hoteli ya kifahari iliyojengwa juu ya kisiwa katikati ya Nile, na mgeni huvushwa kwa mashua. Visiwa vya Ziwa Victoria navyo vina hoteli zake. Vijana wa Mbale pia wanashuka kutoka kwenye kahawa ya Mlima Elgon kwenda kutafuta kazi hizo. Kwa hiyo tusiseme ni mambo ya watu wengine.

Sasa tueleze mgeni wa kurudi ni mtu gani. Ni yule aliyelala hotelini mwaka jana au mwaka juzi, akaenda kwao, na mwaka huu amerudi pale pale, ingawa dunia imejaa hoteli. Pwani ya Kenya humwita "ripita", na hoteli nyingine huwafanyia maripita karamu yao: keki, picha pamoja na meneja, na cheti cha kuonyesha kwamba huyu amekuja mara ya 10 au ya 20. Sisi tuliposikia mara ya kwanza tulicheka. Mtu kupewa cheti kwa kulala! Lakini mwenye hoteli hachezi. Anajua hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Mgeni mpya mara nyingi huletwa na wakala, na wakala hukata fungu lake, aghalabu 15 kwa mia au zaidi ya bei ya chumba. Mgeni aliyezoea huweza kupiga simu mwenyewe, na fungu lile likabaki kwa mwenye hoteli. Hahitaji kutangaziwa. Huleta dada yake na jirani zake. Na kubwa kuliko yote, haogopi upesi. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, hoteli nyingi za pwani zilibaki tupu na maelfu ya wafanyakazi wakarudishwa makwao. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulifunga uwanja wa Entebbe kwa abiria tangu Machi hadi Oktoba. Watu wa kazi hiyo watakuambia kwamba baada ya shida kama hizo, wa kwanza kurudi ni wale wanaowajua wafanyakazi kwa majina.

Kwa majina, ndugu. Hapo ndipo tunapotaka tusimame kidogo.

Maana kinachomrudisha mgeni ni nini? Tukisema bahari, bahari ya Zanzibar ni ile ile mbele ya kila hoteli, tangu Nungwi mpaka Jambiani, na mchanga wake ni ule ule mweupe. Mwaka 2023 peke yake Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000 kutoka nje, na hoteli za ufukweni zimesongamana kama maduka ya Kampala. Mwenye hoteli hawezi kujivunia maji ambayo jirani yake pia anayo. Tazameni kisiwa kidogo cha Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar. Hoteli yake ina vibanda saba tu. Walinzi wa kwanza wa matumbawe ya pale walikuwa wavuvi wa sehemu hizo, wakafundishwa kazi mpya katika miaka ya 1990. Ukiwaondoa watu wa namna hiyo matumbawe yatabaki, lakini atakayekuonyesha samaki gani analala chini ya jiwe gani hutampata.

Mgeni hurudi kwa sababu pana mtu anayemkumbuka. Anashuka kwenye mashua na kijana wa mizigo anamwuliza hali ya mguu wake uliovunjika mwaka jana. Anakaa mezani na chai inakuja bila sukari kabla hajasema. Mtu aliyetoka mbali, ambaye huko kwao labda hata jirani hamwamkii, akitendewa hivyo moyo wake hulainika. Tusimcheke. Hata sisi huenda kwa fundi yule yule wa viatu kwa sababu hiyo hiyo.

Hoteli haliachi jambo hilo hivi hivi. Kila mgeni ana kadi yake, zamani ndani ya sanduku mapokezini, siku hizi ndani ya kompyuta. Humo imeandikwa: mzee huyu hulala kwa mito miwili, karanga humdhuru, hataki chumba cha karibu na jenereta, siku ya kuzaliwa kwa mke wake ni fulani. Mgeni akija mara ya pili kadi inaongezeka. Akija mara ya sita, kadi ni nene kama kitabu. Basi aliyeyajua mambo hayo ni nani? Meneja hakuingia chumbani kuhesabu mito. Aliyeyajua ni yule anayetandika, yule anayebeba sahani, na dobi aliyeona shati halivaliwi likitiwa wanga. Wao walisema, mapokezi wakaandika, na maarifa yakawa mali ya hoteli. Katika mshahara hakuna mahali palipoandikwa "kukumbuka".

Mtasema, lakini wanapata bakshishi. Ndiyo, wengine wanapata. Anayeleta chai huonekana, kwa hiyo hupewa. Dobi yuko nyuma ya nyumba na mvuke wake, haonekani. Mtunza bustani huonekana mgongo tu. Katika hoteli nyingine liko sanduku moja la bakshishi, na mwisho wa mwezi hugawanywa kwa wote, na hilo ni jambo jema ikiwa wafanyakazi wenyewe wanalifungua na kuhesabu mbele ya macho ya wote. Ambapo ufunguo uko kwa ofisi, tumesikia manung'uniko mengi. Tena bakshishi haikujengei miaka. Ukiugua haikufuati hospitali, wala ukizeeka.

Sasa tuwaambie habari ya dada mmoja wa upande wa Mbale. Jina lake tunaliacha, na la hoteli pia tunaliacha, kwa sababu shauri halijaisha. Ni hoteli ya kisiwani, ndani ya Uganda hii hii. Kazi yake ni vyumba. Aliajiriwa mara ya kwanza mwezi wa Juni. Mwisho wa Machi, mvua zilipoanza na wageni wakapungua, aliambiwa, "Nenda nyumbani, tutakuita." Na kweli Juni aliitwa. Akafanya kazi mpaka Machi, akaambiwa vile vile. Hivi amekwenda na kurudi misimu minne.

Alikuja kwetu na bahasha. Ndani mlikuwa na barua nne za kuajiriwa. Tulizipanga mezani, moja baada ya moja. Kila barua ina tarehe mpya ya kuanza kazi. Kila barua inasema atakuwa katika majaribio kwa miezi mitatu. Kila barua ina mshahara wa ngazi ya chini kabisa, kama mtu ambaye hajawahi kushika shuka. Mara nne amejaribiwa kama anaweza kutandika kitanda kile kile.

Katika hoteli hiyo huja mzee mmoja na mkewe kutoka Ulaya. Walipokuja mara ya sita ilikuwa mwezi wa Mei, wakati hoteli ina vyumba vichache tu vilivyo wazi. Walifanyiwa keki na kupewa kikapu cha matunda bure. Kisha yule mama akauliza, "Yuko wapi dada yetu?" Akajibiwa, "Yuko likizo." Mwenzake wa jikoni ndiye aliyempigia simu kumweleza. Wakati huo dada alikuwa Mbale anapalilia maharagwe ya mama yake. Likizo! Angalikuwa na likizo angalilipwa.

Hapa, mzee wetu wa miwa, ndipo swali lako linapopata jibu. Neno "kibarua" ni barua ndogo tu, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Watu walishuka kutoka West Nile kuja kukata miwa Kakira na Lugazi, wakarudi kwao, wakaja tena, mkataba juu ya mkataba. Kadi ya mgeni inaongezeka kila anaporudi. Kibarua chako kinatupwa kila unapoondoka, na ukirudi unaanza moja. Mkono wako unajua kukata muwa chini kabisa, mahali penye sukari, usiharibu kisiki kitakachochipua mwaka ujao. Mkono huo haukujua hivyo siku ya kwanza. Lakini katika karatasi kila msimu ni siku ya kwanza.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema muda wa majaribio usizidi miezi sita. Ukiongezwa, mfanyakazi mwenyewe lazima akubali, na nyongeza isizidi miezi sita mingine. Halafu inasema, na hili wengi hawalijui, kwamba mwajiri haruhusiwi kumwajiri mtu yule yule kwa mkataba wa majaribio zaidi ya mara moja. Mara moja tu, ndugu! Si neno dogo. Mtu aliye katika majaribio huweza kuondolewa kwa notisi ya siku 14, au akalipwa mshahara wa siku 7 akaambiwa kwaheri. Kwa hiyo mwenye kukujaribu kila mwaka anakuweka mlangoni kila mwaka.

Kwa vibarua, Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema mtu asiajiriwe kama kibarua kwa zaidi ya miezi minne. Akifanya kazi mfululizo kwa miezi minne anastahili mkataba wa maandishi, na si kibarua tena. Waajiri wengine wanaijua kanuni hiyo kuliko sisi. Ndiyo maana utaona watu wanasimamishwa wiki ya 15 au ya 16, wanakaa nyumbani siku chache, kisha wanaitwa upya. Ujanja wa namna hiyo sheria peke yake haiukamati vizuri, na hapo ndipo mapatano ya chama na mwajiri yanapofanya kazi. Sisi tunadai iandikwe ndani ya mapatano kwamba msimu ukifunguliwa wataitwa kwanza wale wa msimu uliopita, mwenye miaka mingi akiwa wa mbele. Tarehe ya siku ya kwanza kabisa isifutwe, na mshahara usirudishwe chini. Mahali tulipowahi kuzungumza jambo hili, mwajiri hutujibu kwamba biashara ni ya msimu. Tunakubali ni ya msimu. Mgeni wake naye ni wa msimu, mbona hajamsahau?

Neno moja juu ya ushahidi, kwa sababu wengi hupoteza shauri kwa kukosa karatasi. Usitupe barua yo yote ya kuajiriwa, hata ikiwa imekwisha. Weka stakabadhi za mshahara mahali ambapo panya na mvua havifiki. Na kama unakatwa NSSF, nenda ofisini ukaombe taarifa ya akiba yako. Mwajiri anatakiwa kutoa 10 kwa mia na wewe 5 kwa mia, na tangu mwaka 2022 sheria imemshika hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja. Namba yako ya NSSF haibadiliki msimu ukibadilika. Taarifa hiyo huonyesha mwezi kwa mwezi nani alikulipia na tangu lini. Kama makato hayakupelekwa, hilo nalo litaonekana.

Yule dada tulimpeleka kuomba taarifa yake. Ilitoka na miezi yote, tangu Juni ile ya kwanza, jina la mwajiri likiwa lile lile katika misimu yote minne. Tuliiweka ndani ya bahasha pamoja na barua zake.

Barua ya tano imefika juzi. Inamwita kazini, na tarehe ya kuanza ni mpya, majaribio miezi mitatu. Hajatia sahihi. Jumatatu tunakwenda naye kwa afisa wa kazi wa wilaya.