Kusoma Matuta Ndani ya Negativu: Skana Gani kwa Filamu za Kale?

Negativu haisomwi kama karatasi. Karatasi humulikwa kutoka upande uleule inakotazamwa, na nuru inayorudi ndiyo hubeba picha. Negativu na slaidi huhitaji nuru izipenye kutoka nyuma. Kwa hiyo skana bapa, ile yenye kioo na mfuniko, huifaa filamu ikiwa tu ina taa ya pili ndani ya mfuniko, inayomulika kuelekea kihisi kilicho chini ya kioo. Mashine za saiba na ofisini zinazochapa, kunakili na kuskani kwa kawaida hazina taa hiyo. Nyingi pia hutumia kihisi chembamba kinachoona vizuri kile tu kilichogusana na kioo. Filamu ikiinuka hata milimita chache, picha hutoka na ukungu. Skana za filamu hutumia kihisi cha aina nyingine, chenye lenzi na vioo, ambacho huona kwa kina zaidi.

Katika Machakos, thamani ya picha za zamani haiishii kwenye harusi na ubatizo. Mwaka 1937 R. O. Barnes alipiga picha za vilima vya Ukambani wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa ikihofia kwamba udongo ungekwisha wote mitoni. Mwaka 1991 mtafiti Michael Mortimore alisimama mahali palepale na kupiga picha upya. Miteremko iliyokuwa imechunika sasa ilikuwa na mashamba, miti na matuta, ilhali watu wa Wilaya ya Machakos ya wakati huo, iliyojumuisha Makueni, walikuwa wameongezeka kutoka takriban 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi kiasi cha milioni 1.4 mwishoni mwa miaka ya 1980. Picha hizo zilikuwa sehemu ya ushahidi wa kitabu *More People, Less Erosion*, ambacho Mary Tiffen, Mortimore na Francis Gichuki walikichapisha mwaka 1994. Nyingi ya kingo za ardhi zilizoleta mabadiliko hayo ni za mtindo wa fanya juu: mkulima huchimba mtaro kwa kufuata usawa wa mteremko na kuutupa udongo upande wa juu. Jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya kilimo vya nchi nyingi.

Kwenye picha ya kilima, tuta ni mstari mwembamba sana. Mstari huo ni kipimo kizuri cha skana: je, mashine itaweza kuutenga na mstari wa jirani yake?

Namba iliyoandikwa kwenye kasha

Watengenezaji hutaja uwezo wa skana kwa nukta katika kila inchi. Epson Perfection V600 imeandikwa nukta 6,400, na Canon CanoScan 9000F ilitangazwa kuwa na 9,600 kwa filamu. Namba hizo huonyesha idadi ya vipimo ambavyo mashine huchukua. Uwezo wake wa kutenga vitu vidogo ni jambo jingine, kwa kuwa lenzi, mtikisiko wa mota na umbali wa filamu kutoka kwenye kioo hupunguza ukali wa picha. Majaribio yanayotumia bamba lenye mistari iliyopimwa yameonyesha kwamba V600 hufikia kiasi cha nukta 1,600 kwa inchi, na Epson Perfection V850, ambayo ni ghali zaidi, karibu 2,300.

Chukua kingo ya tuta yenye upana wa mita 1, iliyopigwa picha kutoka umbali wa kilomita 2 kwa kamera ya filamu ya milimita 35 yenye lenzi ya milimita 50. Kwenye negativu, upana wa kingo hiyo ni milimita 0.025. Kwa uwezo halisi wa nukta 1,600, kila pikseli hubeba milimita 0.016, kwa hiyo kingo hupata pikseli moja na nusu. Itaonekana kama doa lililochanganyika na udongo wa pembeni. Kwa nukta 2,300, pikseli hubeba milimita 0.011 na kingo hupata zaidi kidogo ya mbili, ambacho ndicho kiwango cha chini cha kuitambua.

Filamu pana hubadilisha hesabu. Kamera ya filamu ya sentimita 6 hutumia lenzi ya kawaida ya milimita 80, na kingo ileile huchukua milimita 0.04 kwenye negativu. Hapo hata skana ya nukta 1,600 huipa pikseli mbili na nusu. Ndiyo maana skana bapa ya bei ya kati huridhisha kwa filamu pana na kuanza kushindwa kwenye filamu ndogo ya milimita 35.

Weusi wa filamu

Sifa ya pili ni uwezo wa kuona ndani ya sehemu nyeusi. Weusi wa filamu hupimwa kwa namba inayopanda hatua moja kila nuru inayopenya inapopungua mara kumi: filamu yenye weusi wa 2 hupitisha sehemu moja kati ya mia ya nuru, yenye 3 moja kati ya elfu. Negativu haifikii weusi mkubwa. Slaidi, ambayo kivuli chake ndicho sehemu nzito zaidi, huweza kupita 3. Epson hutaja 3.4 kwa V600 na 4.0 kwa V850. Mwenye negativu tupu hana haja ya kulipia tofauti hiyo, lakini mwenye slaidi ataiona katika vivuli vya miti na nyuso zilizopigwa picha chini ya jua la adhuhuri.

Fremu, vumbi na miale isiyoonekana

Filamu hulazwa ndani ya fremu ya plastiki inayoiinua kidogo juu ya kioo. Fremu ya V600 hubeba picha 12 za vipande vya milimita 35, au slaidi 4 zenye fremu zake. Ya V850 hubeba slaidi 12. Mkusanyiko wa slaidi 500 utahitaji kupakiwa mara 125 kwenye mashine ya kwanza na mara 42 kwenye ya pili. Fremu ambayo kimo chake hurekebishika ina faida, maana sehemu ambayo lenzi huona kwa ukali hutofautiana kutoka mashine hadi mashine. Filamu iliyojikunja hunyooshwa kwanza kwa kukandamizwa siku kadhaa kati ya karatasi safi. Ikilazwa moja kwa moja kwenye kioo, upande wake unaong'aa huweza kuchora pete za rangi zitokanazo na nuru kugongana katika nafasi nyembamba iliyobaki kati yake na kioo.

Vumbi ni adui mkubwa zaidi, hasa kiangazi, udongo mwekundu unapopeperuka barabarani. Chembe moja juu ya filamu ndogo hukua pamoja na picha. Baadhi ya skana huwasha miale ya infraredi, ambayo hupenya rangi za filamu lakini huzuiwa na vumbi na mikwaruzo. Programu hutumia kivuli hicho kuziba dosari. Njia hiyo hufaa kwa negativu na slaidi nyingi za rangi. Haifai kwa filamu ya kawaida ya rangi nyeusi na nyeupe, kwa sababu picha yake imeundwa kwa chembe za madini ya fedha, nazo huzuia infraredi kama vumbi. Kodachrome, slaidi zilizotengenezwa kati ya 1935 na 2009, pia husumbua. Kwa filamu hizo, dawa ni pampu ndogo ya mkono ya kupulizia hewa, brashi laini na chumba kilichofungwa madirisha.

Kabla ya kuskani

Filamu hukaguliwa kwanza kwa pua. Zenye msingi wa asetati hutoa harufu ya siki zinapooza, na joto na unyevu huharakisha uozo huo. Hewa kavu ya Ukambani huzitunza kuliko ya Mombasa, lakini sanduku lililowekwa chini ya mabati hupoteza nafuu hiyo. Zenye harufu hutengwa na kuskaniwa mwanzo. Filamu za kabla ya miaka ya 1950 huweza kuwa za nitrati, ambayo hushika moto upesi. Hizo hazifai kurundikwa nyumbani, na ushauri wa wataalamu wa nyaraka, kama wale wa Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, hutafutwa kabla ya kuzigusa.

Kuskani picha ya milimita 35 kwa nukta 6,400 huzaa pikseli milioni 55 na faili la rangi la megabaiti 165, sehemu kubwa yake ikiwa haina habari mpya. Nukta 3,200 hutoa pikseli karibu milioni 14 na megabaiti 41, kiasi kinachotosha kwa skana zilizotajwa. Nakala kuu huhifadhiwa katika muundo wa TIFF, ambao haupotezi kitu. JPEG hutolewa kutoka humo kwa ajili ya kutuma kwa simu. Nakala mbili katika diski mbili, zilizo katika nyumba mbili, hukinga dhidi ya moto na wizi.

Mkusanyiko wenye filamu pana na negativu za familia utatoshelezwa na skana bapa ya bei ya kati. Wenye slaidi nyingi, au filamu za inchi 4 kwa 5, unahitaji ya daraja la V850. Ukiwa wote ni wa milimita 35 na mistari midogo ina maana, skana ndogo ya filamu pekee, kama Plustek OpticFilm, huona vizuri zaidi, ingawa husoma picha moja moja. Kamera ya kidijitali yenye lenzi ya karibu, ikitazama filamu juu ya taa, hufanya kazi hiyohiyo kwa kasi.

Jina la kila faili hubeba mwaka, mahali na upande ambao mpiga picha alielekea, kama yameandikwa kwenye bahasha au yanakumbukwa na wazee. Mortimore aliweza kurudi kwenye vilima vya Barnes kwa sababu mahali pa kusimama palijulikana.